Harufu ya Kichuguu cha Bi Keziah

Mpaka leo nikikumbuka nashika mdomo. Keziah Larwood, jirani yangu wa miaka thelathini, mwanamke asiyemtukana hata mbwa, kufanyiwa vile kwa ajili ya sisimizi!

Kazi yake ilikuwa kuokota mayai ya sisimizi wekundu msituni, ya kulishia makinda ya ndege wa kuwindwa wa bwana mkubwa mwenye msitu. Anainama, ananusa, anasema, "Wako hapa." Hakosei. Lakini magoti yalishakwisha, na kibanda chake kilivuja kila kona. Chumba kimoja kilikuwa wazi kwenye nyumba za wajane kando ya kanisa, na mtoaji ni kasisi peke yake. Asipokipata, Krismasi ingemkuta kwenye makazi ya mafukara.

Sasa, Kasisi Harbord alikuwa na wazimu wa kukusanya maneno ya kale ya huku kwetu Norfolk, Uingereza. Akaja na daftari lake, nami nipo pale namenya viazi.

"Mama Larwood, sisimizi ninyi mnamwita pismire. Jina hilo limetoka wapi?"

Keziah akaiva uso kwa aibu. "Baba kasisi, niache bwana. Mambo ya aibu hayo."

"Sema tu, mama. Hii ni elimu."

"Haya. Mire ndiyo sisimizi, wazee wa zamani walimwita hivyo. Na ile pis ya mbele... ni mkojo. Kichuguu chao kinanuka."

"Kinanuka kweli?"

"Mpeleke akanuse!" nikadakia.

Tukaenda. Keziah akapiga kichuguu kwa kiganja, akamsogezea puani. Kasisi akaruka nyuma, machozi yanamtoka, kisha akacheka mpaka akashika mti. "Mkojo mtupu! Ajabu!" Akajaza ukurasa mzima, akamshukuru kwa mikono miwili. Jioni ile Keziah akaanza kukunja mapazia yake, tayari kuhamia chumba kile.

Jumapili kasisi akatangaza: chumba ni cha mjane mwingine, Tabitha Goymer. Nilipigwa na butwaa! Nikamkimbilia kasisi mlangoni mwa kanisa.

"Na Keziah je?"

Akashusha sauti. "Mama mwema. Lakini wajane wale ni wacha Mungu. Siwezi kuwawekea mtu mwenye kinywa kichafu."

Jamani! Nani alimlazimisha kukifungua? Nilitaka kumrukia pale pale.

Keziah alikuwa nyuma yangu, kasikia yote. Hakulia. Aliniuliza kama ningemchukua paka wake, maana kule anakokwenda hawapokei paka.