Siku Gauni Langu la Jua Lilipogeuka Tanga

Jamani, mimi ndiye yule. Yule mwanamke mliyesikia habari zake, aliyeinua mikono akipiga kelele za ushindi huku mtumbwi wake umekwama kwenye matope na mashindano yanaendelea kule mbali, ni mimi Aziza, na kama mna kicheko basi kichekeni sasa mkimalize, maana nikianza kusimulia sitaki kukatizwa.

Kwanza mjue kwamba mimi ni albino. Jua la Kisangani na ngozi yangu hawasalimiani. Tangu utoto, kila jambo tamu linalofanyika nje mchana mimi naambiwa "Aziza, kaa kivulini," na kweli nimekaa, mpaka leo nauza maji baridi sokoni chini ya mwavuli wa parasoli (na sauti yangu nikiita wateja inafika mpaka kwa wauza samaki, hilo hata wasionipenda wanalikubali). Sasa fikirini jinsi moyo ulivyoruka siku tonton Radjabu, mdogo wake baba yangu, anayeongoza mtumbwi wa mtaa wetu kwenye mashindano ya mto, alipokuja mbio mpaka kwenye meza yangu.

"Aziza, mutu yetu ya kuimbisha iko na malaria. Bila wimbo, kila mutu atapiga kafi ya kwake. Utakuya?"

"Mimi, tonton? Ndani ya mutumbwi? Mu jua?"

"Mu jua, ndiyo. Donc utafute nguo yenye itakufunika muzuri, lakini iwe nyepesi. Sitaki uzimie mule."

Nilikubali kabla hajafunga mdomo. Tatizo ni kwamba nguo zangu za jua zote ni nzito, mashati ya jinzi na makoti ya zamani, nikizivaa naiva humo ndani kama samaki wa liboke aliyefungwa kwenye majani juu ya moto. Nikaenda kwa maman Kavira, muuza vitambaa aliyetoka Butembo, nikampindulia duka zima. Mimi nina namna yangu ya kupima: naingiza mkono nyuma ya kitambaa, nakiinua juani, nikiona vidole vyangu basi na jua litaiona ngozi yangu. Cheupe kilikuwa kizuri lakini vidole vyote vitano vilinisalimia. Cha nailoni kilikuwa chepesi, lakini ukikivaa ni sawa na kuvaa mfuko. Mwishowe nikashika pamba ya bluu, nzito kwa rangi lakini nyepesi mkononi, imefumwa kwa kubanana, nikainua: sioni kidole hata kimoja!

"Hiki!" nililia kwa nguvu mpaka mteja mwingine akaruka. "Maman Kavira, ni hiki!"

"Bon. Gauni moja ya mikono murefu, mètre ine inatosha."

"Nne? Kata nane."

"Nane? Aziza, unavalisha mutu ao unavalisha nyumba?"

Mimi nilitaka nafasi, nilitaka gauni liwe pana, mikono iwe pana, upepo uingie huku utokee kule. Fundi wa cherehani naye akanishauri, "Maman, nitie lastiki ku mikono na mukaba ku kiuno, mu mayi iko upepo mingi." Nikamjibu kwa maringo, "Hapana kufunga kitu. Hewa ipite." Hapo ndipo nilipojimaliza.

Asubuhi ya mashindano nikajipaka krimu ya jua, nikavaa kofia pana ya kufunga chini ya kidevu, na chini ya gauni (kwa heshima tu, mtu hasimami mbele ya wanaume bila kujistiri) nikavaa suruali ya pijama niliyoipata kwenye balo la mitumba ya Ulaya, ya manjano, laini sana, ambayo nyuma, pale pa kukalia, imeandikwa kwa herufi kubwa Bonne nuit, yaani usiku mwema. Nani angeiona? Juu yake kulikuwa na mètre nane za kitambaa!

Na jamani, lile gauni! Nilisimama mbele ya mtumbwi, nimewaelekea wapiga kafi, mgongo nimeupa tunakokwenda, ng'ambo zote mbili zimejaa watu, jua limewaka kweli kweli, na mimi ndani nina baridi kama niko nyuma ya mtungi wa maji. Mara ya kwanza maishani nasimama katikati ya mto mchana na jua halinidhuru. Machozi yalinilenga. Filimbi ikalia, nikaanza: "Eee vuta!" nao "Vuta!" na mtumbwi ukaruka, tukapita wa kwanza, tukapita wa pili, tukapita watu wa mtaa wa Lubunga ambao hawapitwi ovyo, tukawa mbele! Mbele, mimi Aziza wa kivulini!

Sasa kadiri tulivyokimbia, ndivyo upepo ulivyoingia kwa nyuma yangu. Kwanza gauni likampiga usoni mpiga kafi wa kwanza. "Mi sione kitu!" akalia, nami nikadhani ni kuitikia, nikaongeza wimbo. Halafu ukaja upepo wenyewe, ule wa kutangulia mvua, gauni zima likanyanyuka, likanigeukia kichwani, likajikaza kwenye kofia, na mimi nikabaki humo ndani gizani, mikono juu, kama mtoto anayevuliwa shati.

Mtu mwenye akili angekaa chini. Lakini nilisikia ng'ambo nzima inalipuka kwa kelele, watu wanaimba kitu kwa pamoja, neno sikulishika kwa sababu ya kitambaa masikioni, nikajua tu wanatushangilia. Na kutoka nyuma ya mtumbwi nikamsikia tonton Radjabu: "Kaza, Aziza! Kaza!" Basi nikakaza. Niliimba kama sijawahi kuimba. (Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba maskini tonton alikuwa anasema "Kaa, Aziza! Kaa!" maana mbele yake aliona wingu la bluu tu, upepo umelishika kama tanga unatusukuma pembeni, na wapiga kafi wawili wameangusha makafi kwa kucheka.)

Mtumbwi ukagonga kitu laini, ukasimama. Nikajua tumefika. Nikalivuta gauni chini, nikainua mikono yote miwili: "Tumeshinda!"

Nikageukia tulikofika: mbele yangu walikuwa wanawake watatu wanaosugua sufuria. Miguuni, matope. Na mbali, mbali kabisa, mitumbwi mingine inakimbilia kwenye bendera ya mwisho. Ndipo masikio yakafunguka nikalisikia neno lenyewe, ng'ambo nzima, wakubwa kwa wadogo, wakipiga makofi: "Bonne nuit! Bonne nuit!" Nikapeleka mkono nyuma taratibu. Nikaelewa.

Tonton akashuka, akaja kwangu akikanyaga matope. Nilishaanza kulia. "Tonton, unisamehe. Nitarudia ku kivuli yangu."

Alinitazama, midomo inatetemeka, nikafikiri ni hasira. Kumbe kicheko, kilimtoka mpaka akashika ubavu wa mtumbwi. Kisha akajifuta macho.

"Sikia, mutoto yangu. Nani alituweka mbele? Ni wewe. Upepo ndiyo ilitutosha mu njia. Kivuli gani tena? Wimbo haiyaisha, na mashindano kwetu haiyaisha."

Akanifunga kamba kiunoni juu ya gauni, nyingine kwenye mikono ya gauni, wanaume wakausukuma mtumbwi, na tukatoka. Tulifika wa mwisho, wengine wameshashuka wanakunywa, lakini tulifika tunaimba, na ile ng'ambo iliyonicheka ikaitikia "Vuta!" mpaka tukagusa bendera.

Jioni nilijitazama kwenye kioo. Ngozi haikuungua hata padogo. Uso tu ndio uliowaka, na haukuwashwa na jua, ni aibu.

Kitambaa sikukosea, hilo nalishikilia mpaka kesho. Nimemrudishia fundi gauni bila maringo, ametia lastiki, ametia mukaba, na alichokipunguza kimetosha shati la tonton na pazia la dirisha. Lakini naapa mbele yenu: sitatoka tena na nguo mpya ya jua kabla ya kuivaa kwanza siku ya upepo, nyumbani, ndani ya ua wa parsele yangu, mlango umefungwa.