Unga wa Mteremko wa Nemba

Kwa miaka tisa Adelfina alikuwa Bibi Afya wa kata ya Nemba, wilayani Biharamulo, na kwa miaka tisa watu walimwamkia vizuri kisha wakaendelea na yao. Aliwaambia wachimbe vyoo, wakachimba kipindupindu kilipokwisha kupita. Aliwaambia wachemshe maji, wakamjibu kwamba kuni ziko mbali. Mwenyewe alikuwa Mhangaza wa Ngara, mrefu, mkavu wa mwili, mwenye baiskeli ya serikali isiyo na breki ya nyuma. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akikasirika alinyamaza, akaanza kukunja na kukunjua pembe ya kanga yake.

Novemba 1995, malori ya msaada yalikuwa yakipita Nemba kutwa kwenda kambi za wakimbizi za Ngara, na vumbi lake lilikuwa limeigeuza migomba ya kando ya barabara kuwa myekundu. Asubuhi moja ya mwezi ule Adelfina alikuwa kwa mama mmoja aitwaye Restituta, akimwonyesha kwa mara ya tatu namna ya kufunika shimo la choo, jirani alipopita mbio na beseni kichwani.

“Lori limeanguka mteremkoni!” alisema bila kusimama. “Limejaa sabuni ya unga. Watu wanajichotea!”

Adelfina alipanda baiskeli. Kabla hajafika kwenye kona harufu ilimpiga puani, kali, ya kuwasha koo, akaitambua palepale. Mwaka uliotangulia, wakati wa kipindupindu, aliitwa Ngara kwenye mafunzo ya siku mbili kuhusu klorini, ile dawa ya kusafishia maji ya kambi. Mengi aliyasahau. Matatu yalimbakia: kaa upande upepo unakotoka, iweke kavu, usiikutanishe na mafuta.

Lori lilikuwa limelala ubavu. Dereva, mguu umevunjika, alikuwa ameshapakiwa kwenye lori la nyuma yake na kupelekwa hospitali. Utingo hakuonekana. Mapipa ya plastiki ya buluu yalikuwa yametawanyika hadi mtaroni, kumi na moja kati yake yamepasuka, na unga mweupe wa chengachenga ulikuwa umefunika barabara upana wake wote. Watu kama thelathini walikuwa wameinama wakichota, wengine macho yakiwatoka machozi, wanacheka na kukohoa kwa pamoja.

“Acheni!” Adelfina alipaza sauti. “Rudini huku juu, upepo unakotoka! Hiyo si sabuni!”

“Shikamoo, Bibi Afya,” kijana mmoja alimwitikia bila kuinua kichwa, mikono yake ikiendelea na kazi.

“Marahaba. Weka chini ndoo hiyo.”

Aliyemjibu hasa alikuwa Ndassa, mume wa Restituta, mkulima wa pamba, mtu asiyependa kufundishwa mbele za watu. Mkononi alikuwa na kopo la mafuta ya kupikia, yale makopo ya msaada yaliyokuwa yakiuzwa kila soko miaka ile. Alikuwa amelijaza hadi mdomoni.

“Dada yangu, mimi nimefika kambini,” alisema. “Dawa hii hii wanawatilia wakimbizi kwenye maji na wanakunywa. Nguo inaing’arisha. Itaniua mimi tu?”

“Wanatia kidogo sana kwenye tangi zima la maji, Ndassa.”

“Basi na mimi nitatia kidogo.” Watu wakacheka, naye akashika njia ya kwake.

Baada ya muda akaja askari kutoka kizuizi cha barabarani. Adelfina alishusha pumzi, akidhani sasa amepata mwenzake. Askari akahesabu mapipa mazima, akaamuru yakusanywe pembeni, akasimama mbele yake na bunduki yake.

“Afande, hayo yaliyofungwa hayana tatizo,” Adelfina alimwambia. “Tatizo ni huu unga. Nisaidie kuwatoa watu.”

“Mimi nimeagizwa kulinda mapipa, mama. Kilichomwagika si pipa.”

Pembe ya kanga ikaanza kukunjwa. Alichana karatasi mbili kwenye daftari lake, akaandika barua mbili zenye maneno yaleyale. Moja alimpa dereva aliyekuwa akielekea Ngara, aifikishe kwa shirika lenye mzigo. Nyingine ilikwenda wilayani Biharamulo. Majibu yalirudi kabla ya saa saba kwa simu ya upepo ya kizuizini, na askari aliyasoma kutoka kwenye kiganja cha mkono alikoyaandika. Shirika lilisema mzigo haujapokelewa kambini, kwa hiyo bado ni wa msafirishaji. Wilaya ilisema mzigo ni wa wakimbizi, kwa hiyo ni wa shirika. Wote wawili walimtaka asubiri maelekezo.

“Nisubiri,” alisema Adelfina. Upande wa Nyarubungo mawingu yalikuwa yamekwisha kuwa meusi, na chini ya mteremko palikuwa na kijito ambacho nusu ya kata ilichota maji yake. Mvua ikinyesha, unga wote ungeshuka humo.

Ndipo alipotokea Ndikuriyo. Alikuwa Mrundi wa miaka thelathini hivi, mwenye jembe begani, akitoka kulima shamba la mtu kwa malipo ya ndizi. Wakimbizi hawakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, na yeye kibali hakuwa nacho. Alipomwona askari alisimama vichakani. Angeweza kugeuza. Badala yake alitazama unga, akamtazama yule mwanamke aliyekuwa peke yake akivuta matawi ya kuziba barabara, akatoka.

“Shikamoo, mama. Huu unga mimi naujua. Mwaka mzima nimeukoroga kwenye matangi ya kambi ya Lukole.”

“Marahaba, mwanangu. Basi niambie, mimi najua nusu tu.”

Alimwambia. Ukusanywe ukiwa mkavu, kwa vyombo vikavu vya plastiki, pasitumike ufagio wa nyasi wala majani. Uliochanganyika na udongo usirudishwe kwenye pipa na kufungwa, maana utalipasua. Ufunikwe, na mfereji uchimbwe upande wa juu ili maji ya mvua yapite kando. Alipofika hapo akatazama nyayo nyeupe zilizoelekea kijijini.

“Mama, waliochukua wamechukulia nini?”

“Ndoo. Mabeseni. Makopo.”

“Makopo ya mafuta?”

Adelfina hakumaliza kuitikia. Walikimbia wote wawili, naye akiwa amesahau baiskeli.

Moshi waliuona kutoka njiani. Lile kopo, lililobakiwa na mafuta kwenye mikunjo ya chini, lilikuwa limewekwa pembeni mwa nyumba karibu na magunia ya pamba ya Ndassa. Hakuna aliyelitia kiberiti. Lilichemka lenyewe, likafuka, likalipuka moto mweupe, na pamba ikapokea. Restituta alikuwa nje na mbuzi. Ndassa alikuwa ameingia kulitoa kopo, akatoka na mkono wa kulia umeungua mpaka kwenye kiwiko na macho hayafunguki.

“Maji!” Ndikuriyo alipiga kelele. “Maji mengi, si kidogo!”

Majirani walileta maji ya mitungi, ya mifugo, ya pombe iliyokuwa haijaiva. Adelfina alimlaza Ndassa chini akammiminia maji machoni, mtungi baada ya mtungi, huku Ndassa akimtukana, kisha akilia, kisha akimwita mama. Paa lilianguka. Kuta zilibaki.

Jambo moja lilibadilika. Robo saa baadaye watu walianza kurudi mteremkoni na ndoo zao, wameziinua mbali na miili, kama wabebao nyoka. Hakuna aliyebishana. Adelfina alipaswa kufurahi, lakini alijikuta ana hasira kuliko asubuhi. Ilibidi nyumba ya mtu iungue ndipo maneno yake yawe maneno.

Alikwenda zahanati, akafungua stoo mwenyewe, akatoa maturubai kumi yaliyokuwa yakingojea kipindupindu kingine. Mtunza stoo alimfuata akiuliza nani atasaini. “Nitasaini mimi, ukinipata,” alimjibu. Walifunga nguo puani, wakakusanya unga kwa sahani za plastiki za wake za watu, Ndikuriyo akiongoza, Adelfina akimfuata nyuma na wanaume watano. Mfereji ulikuwa umefika magotini mvua ilipoanguka. Walikaa upande wa juu wakiyatazama maji mekundu yakigawanyika, yakipita kulia na kushoto ya turubai. Kiasi fulani kilipenya. Samaki wadogo walielea kijitoni kesho yake, na kwa siku tatu Adelfina alisimama pale akiwazuia watu kuchota. Lakini rundo kubwa lilibaki kavu.

Mvua ilipokatika, askari alikuja akimtazama Ndikuriyo.

“Wewe. Kibali chako kiko wapi?”

“Afande, huyu yuko na mimi,” alisema Adelfina. “Tangu mchana yuko na mimi. Wewe mwenyewe umemwona.”

“Nimemwona, mama. Ndiyo maana namuuliza.”

Baadaye iliongezwa kwamba alikutwa karibu na mapipa, na kwamba mapipa mawili hayakuonekana. Jioni hiyohiyo lilikuja gari la polisi, wakampakia nyuma akiwa bado amefunga kitambaa puani. Adelfina alishika mlango wa gari hadi lilipoanza kwenda.

Shirika lilifika siku ya tatu, watu wanne wenye glavu na vinyago, wenye heshima zao. Walisifu mfereji, wakapiga picha, wakachukua unga, wakamwachia boksi la sabuni. Wiki iliyofuata ikaja barua kutoka kwa mkubwa wake. Ilimtaka aeleze kwa maandishi kwa nini alifunga barabara ya serikali bila idhini, na kwa nini alitoa maturubai stoo bila hati. Kuhusu Ndassa, ambaye vidole viwili havikunyooka tena, haikusema neno. Adelfina aliandika kurasa nne. Jina la Ndikuriyo aliliandika mara sita. Taarifa iliporudi imepigwa chapa, mahali pote sita palisomeka “wananchi”.

Aliiandika upya kwa mkono, akaipeleka tena. Haikujibiwa.

Januari aliomba lifti kwenye lori la maharage akaenda Lukole. Ilimchukua siku nzima kumpata, kati ya maelfu ya vibanda vyenye namba. Ndikuriyo alikuwa amekaa kwenye kizingiti, amekonda, akikohoa kikohozi kikavu. Alikuwa amelala mahabusu wiki tatu. Kazi ya matangi walikuwa wamemnyang’anya, kwa kuwa shirika halikuajiri mtu mwenye kesi ya wizi wa dawa.

“Nimekuja kukushukuru,” alisema Adelfina, na maneno yakamtoka yakiwa madogo kuliko safari.

“Asante, mama. Lakini shukrani siwezi kuwaonyesha watu wa shirika.” Alikohoa, akafuta mdomo. “Unaweza kuniandikia karatasi? Iseme tu kwamba sikuiba. Kwamba nilikuja kusaidia.”

Adelfina alitoa daftari, akaliweka juu ya goti. Aliandika polepole, kwa mwandiko wake wa shule ya misheni, tarehe, mahali, kazi aliyoifanya yule kijana saa hadi saa, cheo chake mwenyewe na sahihi yake. Ndikuriyo aliisoma mara mbili, midomo ikisogea. Kisha akaigeuza kuangalia nyuma.

“Haina muhuri, mama.”

“Najua,” alisema Adelfina. “Karatasi yenye jina lako wilayani hawaigongi muhuri.”

Ndikuriyo aliikunja hata hivyo, akaitia katika mfuko wa shati, akafunga kifungo.