Yaya Amesema

Nilirudi Uvira na diploma ya informatike, elimu ya kompyuta, ambayo hakuna aliyenilipia. Kule Kampala mchana nilitengeneza simu kando ya barabara, jioni nikaingia darasani, na mwishowe nikawapita watoto wa matajiri. Nayaandika haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kuna ukumbi mmoja wa parokia ambamo yalipaswa kusemwa, hayakusemwa.

Akina mama wauza samaki wa bandari ya Kalundu walikuwa wameungana, wakataka mashini ya kuwajibu wateja wao. Mtu wa Songo, au wa Bijombo kule juu milimani, aandike kwenye simu samaki anayemtaka, ajibiwe papo hapo kama yuko. Shida ni kwamba kwetu kila mtu huandika anavyosikia. Dagaa wa ziwani huyu humwandika ndagala, yule ndagara, mwingine ndakala. Kompyuta isiyofundishwa huona samaki watatu.

Mimi niliifundisha. Kwanza inalivua neno irabu zake na kuliacha mifupa mitupu, huku l na r zikiwekwa kapu moja, g na k kapu moja. Kisha inapima ni herufi ngapi zibadilishwe ili neno hili liwe lile. Zikiwa chache, ni samaki yule yule. Mwanzoni nililegeza kipimo mno, ikamjibu sangala, samaki mkubwa wa kukatwa vipande, mtu aliyetaka ndagala. Muuzaji mmoja akaniambia mashini yangu inaonekana haijawahi kula. Nikakaza kipimo. Maneno nilianza kuyakusanya kwenye jumbe za marehemu mama yetu, ambaye maisha yake yote aliandika dagara, kisha nikaenda sokoni kukusanya ya wengine.

Umoja ulihitaji mtu mmoja wa kulipwa, aiweke mashini na kuisimamia kila siku. Sikuona mwingine katika mji mzima, na bado simwoni.

Lakini kwetu mtu hajisemei. Siku ya posa bwana arusi hukaa kimya, mkubwa wake husema, na mwisho wakwe wakimgeukia yeye hujibu tu kwamba mkubwa amesema. Yaya wangu, kaka yangu mkubwa, alinisemea siku yangu, na wakwe wakapunguza ng'ombe huku wanacheka. Hana mfano kwa maneno. Kwa hiyo siku ya kuonyesha kazi mbele ya umoja, katika ukumbi ule wa parokia, nilimwomba tena.

"Weye kaa," aliniambia mlangoni, akinishika bega. "Minye nitasema."

Alisema vizuri sana. Alianza na babu yetu na nyavu zake, akawachekesha akina mama, akawanyamazisha. Mimi nilikuwa nimekaa na kompyuta magotini nikingoja afike kwenye diploma. Hakufika. Alisema kazi hii ni ya nyumba yetu, mimi mudogo wake nimesaidia kuiandika ndani ya mashini, na wa kuisimamia ni huyu hapa. Akamsimamisha shemeji yake, ndugu wa mke wake, aliyevaa shati jipya. Hapo nilijua kwamba shati lile halikununuliwa asubuhi ile.

Mama mwenyekiti alinigeukia. "Na weye, fundi, iko vile?"

Kumkana msemaji wako mbele ya watu ni kuivua nguo nyumba nzima. Nilimtazama yaya. Alikuwa anaangalia dirisha.

"Yaya amesema," nikajibu.

Wakapiga makofi.

Jioni nilimfuata kwake. Mke wake alileta bugali na samaki wa mikeke, sikunawa mikono. Nilimuuliza yaya nilimkosea nini. Hakukasirika, na hilo ndilo liliniumiza zaidi.

"Weye uko na diploma, utakula popote," alisema. "Yeye alikuwa na nini?"

Nikamwambia angeniomba. Akasema ningekataa. Kweli, ningekataa.

Sasa shemeji anakaa kwenye kibanda chenye kibao karibu na bandari, na watu wanamwita fundi. Juzi alinijia akifuta jasho: amekigusa kipimo cha mashini, nayo inawapelekea tena sangala baadhi ya watu wa ndagala. Akaniita kaka, akaniomba nipite kidogo tu. Nilimwambia amuulize aliyesema.

Alipoondoka nilichukua simu, nikaiandikia kazi yangu mwenyewe neno moja, dagara, kama mama alivyoliandika. Jibu lilikuja mara moja, ndagala iko, na chini yake jina la shemeji. Mama yetu, mashini bado inamsikia.

Mwezi ujao binti yangu anaposwa. Yaya ametuma ujumbe kwamba yuko tayari kutusemea sisi upande wa binti, ameshaandaa koti. Nimemjibu aje, kiti chake kipo. Lakini siku hiyo nitasema mwenyewe, na nitaanza na diploma.