Ubwa Mjaza Risasi na Kanga ya Mlangoni

Mdogo wangu Ubwa ana vidole kumi. Msicheke. Kwa mtu aliyejaza risasi tangu ujana wake mpaka mvi, vidole kumi si jambo la kupitwa hivi hivi, na akiulizwa ufundi wake ukoje huinua mikono miwili akasema, "Hesabuni." Mimi ni dada yake, nlimbeba mgongoni, kwa hivyo nnayoyaandika hapa hana ruhusa ya kuyakanusha.

Anakaa Kiwengwa, juu kule, nyuma ya mahoteli, upande wa msitu. Watu wa pale wanalima mhogo na viazi vitamu, na nguruwe mwitu wanawalimia tena. Wasasi wana mbwa, wana nyavu, na wana bunduki moja ya kibali anayoishika Muhannad. Risasi za dukani hazipatikani ovyo. Basi Ubwa, naye ana kibali chake, huyachukua maganda yaliyokwisha kupigwa akayajaza upya: fataki kitakoni, ndiyo inayowasha, baruti juu yake, kizibo, halafu marisau, zile punje za risasi, kisha hufunga mdomo. Ukielezwa hivyo utadhani ni kazi ya kupika vitumbua.

Ndivyo alivyodhani Thuwaini. Huyu ni mume wa Salhiya, binti yake Ubwa. Mtu wa mjini, mtu mzima na ndevu zake, fundi wa simu pale Darajani, mkono wake hautetemeki. Ubwa kaingiwa na mtoto wa jicho na dawa za macho hazimsaidii, akaona bora kazi aiachie ndani ya nyumba. Akamwita mkwewe aje kujifunza.

"Baruti haitaki moto," akamwambia siku ya mwanzo, "hilo hata kuku analijua. Lakini moto wa nyumba zetu una milango mingi. Sigara, basi. Seredani ya kupikia, basi. Na udi!" Hapo akamgeukia binti yake, aliyekuja kuleta chai ananukia kama bibi harusi. "Salhiya, umejifukiza. Chetezo kiko wapi?"

"Kiko ukumbini, baba, makaa yanakufa."

"Yakifa yazike. Ndipo urudi."

Akaendelea. Kopo moja la baruti mezani, la pili likae kabatini, maana baruti mbili zinafanana kwa macho na hazifanani kwa hasira. Kila baruti na kipimo chake, wala usikisie. Ganda lenye ufa tupa, usilionee huruma. Fataki na baruti zikae mbali mbali kama wake wenza. Ukiwa umeghadhibika usijaze, na ukiwa na njaa kale kwanza.

"Na redio, mzee?"

"Zima."

"Na simu?"

"Mpe shangazi yako."

Basi simu ya fundi wa simu ikakaa mapajani mwangu, inatetemeka kama kifaranga, na mimi, niliyetoka mjini kuja kuwatazama, nimekaa mlangoni pa banda la kujazia nachagua mchele.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Wasasi walikuwa waje kuchukua risasi baada ya Alasiri, waingie msituni jioni ile ile. Ubwa akamwachia Thuwaini kazi peke yake, mara ya kwanza, akaenda msikitini kusali Adhuhuri. Maganda yamesimama kwenye ubao wake wa matundu. Thuwaini anachota kwa kipimo, anatia, anachota, anatia. Kimya. Hata mimi nlikuwa sisemi, na wanaonijua wanajua hilo ni zito.

Akatokea Mwanakhamis, jirani, kanga kajitanda, hana habari na kipimo wala hesabu.

"Asalaam aleikum, wenyewe!"

Sasa nyinyi mtafanyaje? Salamu ya Mungu hairudishwi na kimya. Thuwaini kalelewa, mamake namjua. Akainua kichwa, kipimo mkononi.

"Waaleikumu salaam, Bi Mwanakhamis. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Salhiya hajambo? Na mamako huko mjini, mguu wake unaendaje?"

"Hatujambo, alhamdulillahi. Mguu ndio ule ule."

"Mungu atamponya. Haya jazeni upesi! Jana kaingia kwangu nguruwe, mhogo kaupindua wote upande wa kisima, kaniachia majani. Kanambia nipike kisamvu!"

Akacheka mwenyewe, tukacheka na sisi, akaenda zake. Thuwaini akautazama ubao. Akautazama tena. Kisha akachota, akaendelea, akatia vizibo na marisau, akafunga midomo ya risasi zote. Zikapendeza, zimejipanga kama askari.

Ubwa aliporudi akazipapasa moja moja kwa kidole.

"Mikono mizuri," akasema. "Hakujapita mtu?"

Thuwaini angeweza kusema hakujapita. Mimi ndiye shahidi, na nlikuwa nshajishughulisha na mchele.

"Alipita Bi Mwanakhamis, mzee. Akasalimia."

"Ukaitika?"

"Nkaitika."

"Vyema. Halafu?"

"Nkaendelea."

"Kutoka wapi?"

Yule bwana akakiweka kipimo mezani. "Kutoka pale nlipodhani nimefika."

Ubwa akakaa kitako juu ya kigoda. Hakupiga kelele, laiti angepiga. "Thuwaini," akasema, "kipimo kimoja kinamuua nguruwe. Vipimo viwili ndani ya ganda moja vinapasua mtutu. Na mtutu uko shavuni kwa Muhannad."

Thuwaini akasimama haraka. Akasema zipelekwe mjini kwa Kinjal sonara, ana mizani ya dhahabu isiyodanganya. Itakayozidi uzito ndiyo hiyo. Mimi nkaona maneno ya maana. Ubwa akachota punje za marisau akammwagia kiganjani.

"Tazama wewe mwenye macho. Ziko sawa?"

Hazikuwa sawa. Nyengine nene, nyengine bapa.

"Marisau hayakuzaliwa mapacha. Risasi moja itazidi kwa marisau, nyengine itapungua kwa kizibo, na ile yenye baruti mara mbili itajificha katikati yao, inatucheka."

Nkamwambia, "Ubwa, nawe huzidisha! Labda hakuna hata moja. Watu wanakuja, umewapa ahadi, na wewe hujavunja ahadi maisha yako."

"Dada, hiyo labda ungeiweka shavuni kwako?"

Nkarudi kwenye mchele wangu.

Akaagiza ndoo ya maji. Akaanza kuzifungua taratibu: marisau ndani ya bakuli, baruti ndani ya maji, ganda pembeni. Thuwaini akainama kuchungulia kila ganda linapomiminwa. Ubwa akajigeuza, akaikinga ndoo kwa mgongo wake.

"Mzee, ngoja tuone ipi iliyozidi."

"Ya nini?"

"Nijue kama nimekosea."

"Kuitika hukukosea. Ulikosea kuendelea. Ukikatizwa, unamwaga vyote, unaanza na la kwanza. Hilo nshalijua, na wewe ushalijua. La ndani ya ganda liache liende na maji."

Akamimina mpaka la mwisho, na yeye mwenyewe uso kaugeuzia ukutani. Mpaka leo hakuna mja anayejua kama mlikuwa na risasi mbaya mle. Hapo ndipo nlipomwelewa ndugu yangu. Kiwengwa ni ndogo, na mdomo wake mkubwa. Mtu akishaitwa mkwe aliyetaka kumuua Muhannad, jina hilo litamngoja hata kaburini. Ubwa alimtia sitara kabla haijajulikana kama anaihitaji.

Wasasi wakaja, mbwa wao nyuma. Muhannad ni mtu mkubwa, sauti yake inatangulia.

"Mzee Ubwa, lete mzigo, jua linakwenda!"

"Hamna risasi leo. Zimeingia maji."

"Zimeingia maji! Na mvua hamna?"

"Zimeingia kwenye ndoo."

Wakaangua kicheko. "Macho yashakwenda, mzee! Sasa hata ndoo huioni? Basi nkawapige nguruwe kwa bakora?"

"Nenda na mbwa, nenda na nyavu. Babu zako walisasa hivyo hivyo."

Thuwaini akafungua mdomo. Nlimwona. Ubwa hakumpa nafasi. "Thuwaini, kawaletee wageni maji ya kunywa. Si ya ndoo hiyo."

Wakacheka tena, wakanywa, wakaondoka. Ndugu yangu, mtu wa kiburi kama mimi, tumbo moja, akayapokea yale yote kakaa kwenye kigoda, mikono magotini, vidole vyake kumi vimetulia. Usiku ule nguruwe wakammalizia Mwanakhamis mhogo wa upande wa pili wa kisima. Asubuhi akaja kulalamika, na alianza kwa salamu ndefu kuliko ya jana.

Baadaye Ubwa akamwomba binti yake kanga kuukuu, hata jina lake limefutika kwa kufuliwa, akaitundika mlangoni pa banda. Ikiwa imeshushwa, mtu asisalimie. Watu wakasema Ubwa siku hizi anakataza salamu. Mimi pia nlimsema, tena kwa sauti.

"Anayesalimiwa hana hiari, dada," akanijibu. "Anayesalimia anayo."

Ijumaa iliyopita nlitoka mjini kwenda kuwatazama. Nkakuta kanga imeshuka. Ubwa amekaa nje, haoni mbali, lakini viatu vyangu alivisikia tangu njiani. Akaweka kidole mdomoni. Mimi! Niliyembeba mgongoni! Salamu ilikuwa nshaifikisha kwenye ulimi. Nkaimeza, nkakaa ubavuni pake, jua linanipiga, miguu inaniwaka. Ndani tukasikia kipimo kinagonga ukingo wa kopo, kidogo, kidogo, kisha kimya, kisha kopo likafunikwa.

Kanga ikainuliwa. Thuwaini akatoka, jasho linamtoka.

"Asalaam aleikum, Shangazi. Shikamoo."

Nkamwitikia yote, kwa urefu wake, na mguu wa mamake nkaulizia.