Kiatu cha Kushoto

Fundi viatu, jirani yangu wa kibarazani, huongea na uzi mdomoni, kwa hiyo maneno yake ni machache na yote hupitia upande mmoja. Kiatu chochote akipewa hukipindua kwanza, akapapasa soli kwa dole gumba, ndipo amtazame mwenyewe. Tangu nahodha mstaafu wa timu yetu ya mpira atoe kitabu cha maisha yake, mashabiki huja kukisoma kwa sauti kwenye benchi la fundi, maana viatu vya nahodha vilitengenezwa hapo kwa miaka kumi na saba. Jana mama muuza magazeti alisoma ule ukurasa ambao nahodha anasema timu kubwa zilimtaka, akazikataa kwa kutupenda sisi. Alifika katikati akashusha kitabu.

“Fundi, wewe ulikuwa naye karibu. Ni kweli, eti?”

“Kweli tupu, mama,” alijibu fundi bila kuinua uso.

Watu walipotawanyika, nahodha mwenyewe alikuja, na kiatu kipya cha kushoto kwenye mfuko. Mimi nilijiinamia kwenye cherehani yangu, nikajifanya sioni. Nahodha alimkabidhi kiatu. Fundi alivuta kipande cha ngozi ngumu, akaanza kukata kisigino cha kufichwa ndani ya kiatu, cha kuinua mguu mfupi wa nahodha, ambao daktari wa timu kubwa angeugundua siku ya kwanza ya kumpima. Timu yetu haikuwahi kuwa na daktari. Fundi alikikata kisigino bila kupima.