Usile Kwenye Mteremko

Baba yangu hakuwahi kushiriki mashindano ya baiskeli hata siku moja. Alisafirisha makaa kwa baiskeli kutoka msituni hadi mtaani kwetu Ruashi mpaka magoti yake yalipogoma, ndipo akanigeukia mimi, bintiye aliyependa mbio za baiskeli. Nikapata kocha nisiyemwomba.

Jumapili baada ya misa nilifanya mazoezi kwenye barabara ya Kasenga. Alinifuata nyuma akiwa amepakiwa kwenye pikipiki ya kukodi, amekumbatia mfuko wake: ndizi, chupa ya maji yenye sukari na chumvi, na baadaye ile poda ya wanamichezo inayochanganywa na maji. Mwenye duka aliyemuuzia alisifu ladha yake. Baba alijali wakati wa kuinywa tu. Kabla hatujafika kwenye kilima, pikipiki ilisogea ubavuni mwangu.

"Kula, mama!" Ndivyo alivyoniita, kama akina baba wa kwetu wanavyowaita mabinti zao.

"Papa, siko na njaa!"

"Njaa ikisha kufika, utakuwa ulisha kuchelewa. Kula sasa, mulima iko mbele."

Nilikula kwa hasira, ndizi ikinipalia. Lakini juu ya kilima miguu yangu ilikuwa bado na nguvu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Tukianza kushuka, aliufunga mfuko, hata ningelia kiu.

"Ku mutelemuko hapana kula. Mikono yote mbili ku guidon."

Alikuwa amemwona mwenzake akianguka na magunia yake ya makaa, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika kipande cha muwa. Hakupenda kuisimulia habari ile.

Mwaka jana alipata uvimbe tumboni. Daktari aliagiza maziwa ya unga yenye virutubisho, kidogo kidogo, hasa kabla ya matibabu, ili mwili uyastahimili. Baba akafunga mdomo.

"Siko na njaa."

Nasema ukweli, nilisikia raha kidogo ya kulipiza kisasi.

"Papa, njaa ikisha kufika, utakuwa ulisha kuchelewa. Mulima iko mbele."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akafungua mdomo. Tangu hapo nililisema neno lile kila nilipomletea kikombe, naye akanywa. Niliamini kabisa kwamba nikimlisha kwa wakati wake, atapona.

Halafu madaktari wakasimamisha matibabu, tukamrudisha nyumbani. Asubuhi moja nilichanganya maziwa kama kawaida, nikaketi kando ya kitanda chake.

"Papa, mulima iko mbele."

Alikitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Hapana, mama. Mulima ilisha kuisha. Sasa ni mutelemuko."

Nilitaka kubishana. Maisha yangu yote nimebishana naye. Niliweka kikombe sakafuni, nikaishika mikono yake yote miwili.