Kuogelea kwa Kutembea

Mashindano yenyewe nayamaliza hapa hapa mwanzo, yasije yakatusumbua: niliogelea, nikaendesha baiskeli, nikakimbia, nikawa wa mwisho katika yote matatu, na nikavishwa medali ileile waliyovishwa wengine. Wenyewe huyaita traiathloni. Watu wakisikia, la kwanza wanauliza nilitumia muda gani. Hawaniulizi ya kabla ya hapo, na mimi ya kabla ya hapo ndiyo ninayotaka kuyasema. Ni ya aibu, lakini nina miaka hamsini na minne sasa, na aibu zangu nyingi zimeshakuwa butu.

Nilipomaliza eda ya mume wangu, nikawa natoka nyumbani kwa kazi tu. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao, hapa Barking, mashariki mwa London. Nawaamsha, nawaogesha, nawavisha, nawakalisha kitini. Kutwa nzima mikono yangu imo katika miili ya watu. Kisha narudi kwenye fleti yangu, na hakuna wa kunigusa hata bega. Binti yangu anaishi upande wa pili wa mji na kila siku ananipigia simu, Mungu amzidishie, lakini simu haina mikono. Sisemi hivi nionewe huruma. Nasema kwa sababu ndilo lililonitia katika uwongo.

Baiskeli ya marehemu ilikuwa imeegemea ukuta wa ukumbini, na kila nikipita na kapu la nguo naigonga. Siku moja nikaikasirikia, nikaishusha chini, nikaitia upepo, nikaipanda. Baiskeli naijua tangu utoto. Nilikuwa nazunguka bustani kwa mara ya tatu, baibui nimelikunja na kulifunga kiunoni, nikakutana na jirani yangu wa ghorofa ya chini, muuguzi kutoka Kenya, mwanamke mwenye kicheko kinachosikika mpaka kituo cha basi. Tulikuwa tukisalimiana ngazini tu.

"Kumbe wewe ni mwanaspoti na umenyamaza tu," akaniambia. "Si uje kwa kikundi chetu? Ni cha watu wanaoanza. Hakuna anayejua kitu."

Fomu alinijazia binti yangu kwenye simu yake. Kulikuwa na swali: unaweza kuogelea mita mia nne? Asiyeweza, fomu ilisema, akajifunze kwanza, aje mwakani. Binti yangu hata hakuniuliza. Alisema kwa Kiingereza chake, "Mama, wewe umezaliwa kisiwani," akatia tiki, akaendelea na swali la pili.

Niliiona ile tiki. Ningeweza kusema. Lakini mwakani kwangu kulikuwa mbali mno; mimi nilikuwa sijui hata Jumamosi nitafikaje. Nikanyamaza.

Watu wa bara, na Wazungu zaidi, wanadhani mtoto wa kisiwani huzaliwa na mapezi. Wavulana wetu, ndiyo, walikuwa wakijirusha majini kama vyura. Sisi wasichana maji yetu yalikuwa ya kiunoni, tumejifunga kanga, mama zetu wanatutolea macho. Tulikuwa na ujanja wetu. Unachutama mpaka maji yakufike kidevuni, mikono inapiga maji mbele, na miguu huko chini inatembea zake juu ya mchanga. Anayekutazama kutoka pwani ataapa unaogelea. Huo ndio uogeleaji wangu wote, na ndio niliokwenda nao.

Mwalimu wa kikundi alikuwa mzee wa Kiingereza, mrefu, dereva wa basi aliyestaafu, magoti yake yamekwisha lakini bado ana pumzi ya kijana. Siku ya kwanza alininyooshea mkono. Mimi mwanamume asiye maharimu wangu simpi mkono, nikaweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa. Hakuuliza kitu. Alirudisha mkono wake, akauweka kifuani kwake, akainama vilevile. Jumamosi iliyofuata kikundi kizima, wanawake kwa wanaume, wakawa wananisalimia hivyo, hata wale ambao ningewapa mkono bila shida. Nilicheka na nilitaka kulia.

Niseme kweli, watu wale walinilea. Tukiendesha baiskeli na mimi nimebaki nyuma kwenye taa za barabarani, nikifika mbele nawakuta wamesimama, wanajitia wanakaza viatu. Mmoja alinibadilishia breki. Mwingine aliniletea glavu, akadai zimembana. Na kila Ijumaa mzee alikuwa akiniandikia ujumbe: kesho unakuja? Maneno hayo tu. Nilikuwa nausoma mara mbili, kisha najibu haraka, asije akadhani siji.

Kwenye bwawa la kuogelea niliponea kwa sababu mzee alikuwa na kazi na wawili walioandika ukweli kwenye fomu. Mimi niliyetiwa tiki aliniacha peke yangu upande wa maji mafupi. Nikavaa vazi langu la kuogelea la kufunika mwili mpaka kichwani, nikachutama, nikatembea, mikono ikapiga maji. Huku na huku, huku na huku. Wiki ya tatu mzee aliinama pale ukingoni akanisifu: alikuwa hajapata kuona mwanafunzi mwenye kichwa kilichotulia vile. Nikasema alhamdulillahi. Ningesema nini?

Jirani yangu yeye aliogelea vizuri, alijifunza mwaka uliotangulia. Na kwa kuwa ni Mkenya, katika kukimbia walimtia na wale wenye mbio tangu siku ya kwanza, hakuna aliyeuliza. Mimi nikimwona anatokomea nao kwenye miti, namwonea wivu: huyu kila kitu anacho.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia ziwani. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano, jua lipo lakini la kudanganya, maji baridi mpaka meno yanauma. Mashindano yangefanyika katika ziwa lile lile, kwa hiyo ilibidi tulizoee. Nilivaa suti ya mpira juu ya vazi langu, nikasoma dua nilizozijua, nikaingia. Nilikwisha kupiga hesabu zangu kijinga: nitafuata ukingo, nitatembea, nitageuka.

Nikachutama, nikaenda. Chini kulikuwa na tope laini, si mchanga, lakini lilinibeba. Jirani yangu alikuwa mbele, mzee pembeni yangu, maji yakiwa kifuani mwake. Nilihesabu hatua kumi na moja. Ya kumi na mbili haikukuta kitu.

Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilitapatapa kwelikweli. Nilizama, nikaibuka, nikameza ziwa. Nikamwona mzee ananinyooshea mkono. Kisha, wallahi nilimwona kwa macho yangu, akaurudisha. Alikumbuka. Akaanza kuhangaika na boya alilojifunga kiunoni, lile la rangi ya machungwa, alifungue anisukumie, ili nishike boya nisimshike yeye.

"Nishike mkono, mzee, nakufa!" nilimpigia kelele kwa Kiswahili.

Hajui Kiswahili hata neno. Lakini alifahamu, akanidaka mkono kwa nguvu, na jirani yangu aliyesikia lugha yake akarudi akanidaka wa pili. Wakanikokota mpaka kwenye majani.

Nilikaa pale nimefungwa mataulo matatu, natapika maji na chai. Mzee alipiga magoti yake mabovu mbele yangu, uso umekuwa mweupe kama karatasi, na la kwanza alilosema ni kuniomba radhi kwa kunigusa.

Jamani, nilipandwa na hasira. Penye dharura dini yetu haimwachi mtu azame, na yule mzee ananiomba radhi. "Omba radhi kwa kuchelewa," nikamwambia. Baridi na hofu na aibu vyote vikanitoka kwa pamoja, na ukweli ukatoka navyo. Nikawaambia sijui kuogelea. Sikupata kujua. Bwawani nilikuwa natembea.

Mzee aliuliza, polepole, kama wiki zote zile nilikuwa natembea. Nikasema ndiyo, wiki zote. Nilianza kufungua mataulo nirudishe kila moja kwa mwenyewe, maana fomu ilikuwa wazi na mimi nilikuwa nimejipanga kuondoka kabla sijaondolewa.

Basi mzee hakucheka. Alikasirika. Alisema ningekufa. Alisema angelazimika kuchukua simu yangu, atafute jina la binti yangu, amwambie: "Mama yako nilikuwa naye hapa na sikumwangalia." Alisema ningemwachia mzigo huo kwa kuona haya kusema neno moja. Watu waligeuza nyuso kutazama maji.

Mimi nililia. Si kwa kugombezwa. Tangu mume wangu afe watu wote walikuwa wakinisemesha kwa upole, pole, pole, kama kwamba nimetengenezwa kwa ganda la yai. Hakuna aliyenipigia kelele kwa kuogopa kunikosa. Nilikuwa nimesahau jinsi kupigiwa kelele hivyo kunavyofanana na kupendwa.

Hapo jirani yangu akashusha pumzi. "Sasa na mimi niseme," akasema, kwanza kwa Kiswahili, akinitazama, kisha kwa Kiingereza ili wasikie wote. "Mimi hata basi sikimbilii. Sijawahi kukimbia maisha yangu yote. Nyinyi mkiingia kwa miti, mimi najificha choo cha bustani. Mkirudi raundi ya mwisho, natoka, najirushia maji usoni." Yule aliyenipa glavu akasema alikuwa akishangaa mbona Mkenya huyu jasho lake halina harufu. Ndipo kicheko kikawapata, na mzee naye kikampata, huku machozi bado yako machoni.

Aliposimama alitoa hukumu yake. Ziwani sitii mguu mpaka awe na uhakika naweza kuelea. Baiskeli Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi, na nisichelewe. Nikayapanga mataulo mapajani mwangu, nikasema sitachelewa.

Kunifundisha yeye mwenyewe hakuweza, kwa sababu anayefundishwa kuelea lazima ashikwe. Kazi ikamwangukia jirani yangu. Kila Jumapili akitoka kanisani tulikwenda bwawani, saa ya wanawake peke yao, mapazia yameshushwa. Mzee alimwandikia maelekezo ukurasa mzima, kwa mwandiko wa dereva, yote kwa herufi kubwa. Jirani yangu aliutia ukurasa ule ndani ya kimfuko cha plastiki cha kutilia vipimo hospitalini, ili usilowe, akauweka ukingoni, na kila baada ya dakika mbili anakwenda kuusoma kama daktari anayeogopa kukosea.

Jumapili ya kwanza sikulala majini hata mara moja. Nikilegea kidogo, nashtuka, nasimama. Mimi ndiye ninayewaambia wazee wangu kila siku wajiachie, nimewashika. Sikujua ninawaomba jambo kubwa namna hiyo. Jumapili ya pili nilimkwaruza shingo. Ya tatu nikataka kuacha, nikamwambia mtu mzima hafundishiki. Akanijibu, "Mtu mzima hafundishiki akiwa na mdomo kama wako. Lala."

Nikalala. Kiganja chake kimoja kilikuwa chini ya mabega yangu, cha pili chini ya kiuno. Masikio yaliingia majini na kelele zote zikaondoka, za watoto, za mafeni, za kila kitu. Nikatazama dari lenye madoa ya unyevu. Viganja vyake vilikuwa na joto. Nilihesabu, nikajua ni miaka miwili na miezi saba tangu mtu abebe uzito wangu, na nikalia kimya, machozi yakiteremkia masikioni na kuingia majini yasionekane.

Baada ya muda, sijui mrefu kiasi gani, nilihisi kitu kinabadilika. Kifua kilikuwa kinapanda chenyewe. Miguu ilikuwa juu. Viganja vyake vilikuwa pale pale, lakini nilikuwa siviegemei tena. Nilikuwa naelea.

Sikumwambia. Nilifumba macho nikakaa kimya, nikamwacha aendelee kunishika, mpaka mlinzi wa bwawa akapiga filimbi ya kumaliza saa yetu.

Ndani ya basi, nywele za jirani yangu bado zinadondosha maji juu ya mfuko wa chapati nilizomletea, nikashindwa kujizuia. Nilikwisha kuapa kutomdanganya tena mtu yeyote katika kikundi kile. Nikamwambia kwamba leo nilielea, na nilikuwa nikijua, na nimemchosha mikono bure.

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa mwepesi kama jani, nusu saa nzima."

Nikamuuliza mbona hakuniachia.

Alimega chapati, akanipa kipande kikubwa. "Kwani mikono yangu ilikuwa na kazi gani ingine?"